Vitambaa vinavyopitisha jasho katika nguo za michezo na za mlimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Muuzaji akisema nguo "inapitisha hewa", anamaanisha nini?

Anaweza kumaanisha moja kati ya mambo matatu, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hajayatenganisha. La kwanza ni hewa kupita: ukiweka kitambaa mdomoni na kupuliza, pumzi inatokea upande wa pili. La pili ni mvuke kupita: jasho lililokwisha kuwa mvuke juu ya ngozi linapenya kitambaa na kutoka, hata kama upepo hauwezi kuingia. La tatu ni kufyonza: jasho likiwa bado maji, kitambaa kinalivuta kutoka mwilini, kinalitandaza upande wa nje na kuliacha likaukie huko.

Fulana nzuri ya mbio hufanya yote matatu. Koti la mvua la mlimani lenye utando mwembamba wa plastiki ndani hufanya la pili tu, na mengi ya makoti hayo hayapitishi upepo hata kidogo. Kanga hupitisha hewa na mvuke vizuri sana, lakini ikilowa hukaa na maji yake. Kabla ya kuuliza bei, amua unahitaji lipi.

Koti langu limeandikwa gramu 20,000. Mbona nikilivaa Dar es Salaam nalowa jasho kwa ndani?

Koti halisukumi jasho. Linaliachia njia tu. Kinachosukuma ni tofauti ya mvuke kati ya ngozi yako na hewa ya nje. Ngozi yenye jasho ikiwa na nyuzijoto 35, shinikizo la mvuke juu yake ni kilopaskali 5.6 hivi. Hewa ya nyuzijoto 32 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida ya Pwani wakati wa joto, ina kilopaskali 3.6. Tofauti ni 2 tu. Hewa ya nyuzijoto 10, hata mvua ikiwa inanyesha na unyevu umefika asilimia 100, ina kilopaskali 1.2, na tofauti inakuwa 4.4. Koti ni lile lile, ila kwenye baridi linapata msukumo zaidi ya maradufu.

Halafu kuna hesabu ya jasho lenyewe. Gramu 20,000 za mvuke kwa mita ya mraba kwa saa 24 ni sawa na gramu 833 kwa saa, na namba hiyo imepatikana maabara, ambako hali zimepangwa ili mvuke upite kwa kasi kuliko utakavyopita mwilini mwako. Mtu anayekimbia kwenye joto hutoa lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Ongeza begi linaloziba mgongo mzima na zipu iliyofungwa hadi kidevuni, utaona kwa nini koti linashindwa.

Jambo hili lina uzito kwa afya pia. Jasho hupoza mwili pale linapokauka: kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, ilhali jasho linalochuruzika na kudondoka halijapoza karibu kitu. Ndiyo maana ushauri wetu kwa wakimbiaji wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar ni mmoja: mvua ya joto ikikukuta unakimbia, acha ikuloweshe. Fulana nyepesi itakauka. Ndani ya koti, joto la mwili halina pa kutokea.

Namba mbili kwenye lebo, kwa mfano 10,000/10,000, zinasomwaje?

Ya kwanza inahusu maji ya nje: urefu, kwa milimita, wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla hakijaanza kuvuja. Milimita 1,500 huzuia manyunyu. Milimita 10,000 hutosha mvua ya kawaida ukitembea. Kwa mvua ya saa nyingi ukiwa na begi zito linalokandamiza mabega, tafuta 15,000 hadi 20,000, kwa sababu mkanda wa begi husukuma maji ndani kwa nguvu kuliko mvua yenyewe.

Namba ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Hapa pana mtego. Njia za kupima ni zaidi ya moja na hazitoi majibu yanayolingana. Njia ya Kijapani inayoitwa JIS L 1099 B1 hutoa namba kubwa sana. Njia ya kikombe kilichosimamishwa wima hutoa ndogo kwa kitambaa hicho hicho. Lebo isiyosema ilipimwa kwa njia ipi haikupi namna ya kulinganisha koti la kampuni moja na la nyingine.

Kipimo tunachokiamini zaidi ni RET, cha kanuni ya ISO 11092. Kitambaa huwekwa juu ya bamba lenye joto la ngozi linalotoa mvuke, kisha hupimwa ukinzani wake. Namba ndogo ndiyo bora. Chini ya 6 ni nzuri sana, 6 hadi 13 ni nzuri, 13 hadi 20 ni ya wastani kwa kazi nyepesi, na ikizidi 30 hesabu kwamba umevaa nailoni ya kufungia mizigo.

Kwa jaketi za upepo utaona pia kipimo cha hewa kinachoandikwa CFM, yaani futi za ujazo zinazopita kwa dakika. Sifuri au karibu na hapo ni kuzuia upepo kabisa. 40 hadi 60 ni jaketi unayoweza kukimbia nayo asubuhi yenye baridi ya Iten au Arusha bila kujaa jasho.

Utando unawezaje kuzuia maji na kuruhusu mvuke?

Aina za msingi ni mbili. Ya kwanza ni utando wenye vitundu. Mwaka 1969 Bob Gore, nchini Marekani, aligundua kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa ghafla inanyumbuka na kuacha vitundu vidogo mno visivyohesabika. Tone la maji ni kubwa kuliko kitundu kwa maelfu ya mara, na plastiki yenyewe inachukia maji. Mvuke, ambao ni molekuli moja moja, unapita. Huo ndio mwanzo wa Gore-Tex.

Aina ya pili haina vitundu kabisa. Ni utando au mpako wa poliyurethani, au poliesta maalumu kama ile ya Sympatex, ambao unafyonza mvuke upande wa ndani, unaupitisha katika mwili wa plastiki yenyewe, kisha unautoa nje. Hufanya kazi pole pole hadi ndani ya koti kuwe na unyevu wa kutosha, kwa hiyo utaanza kuhisi majimaji kabla haujashika kasi. Makoti mengi ya bei ya kati ni ya aina hii. Kuna pia tando mpya zinazoruhusu hewa kidogo sana kupita pamoja na mvuke, kama NeoShell ya Polartec. Kwa mtu anayefanya kazi nzito kwenye baridi, hizo ndizo zinazofaa zaidi.

Utando ni mwembamba na hauwezi kukaa peke yake. Koti la tabaka mbili lina kitambaa cha nje kilichogandishwa na utando, na ndani bitana inayoning'inia. La tabaka mbili na nusu lina michoro au chembe zilizochapwa juu ya utando badala ya bitana. Ni jepesi, ila hushikana na mkono wenye jasho. La tabaka tatu lina kitambaa, utando na bitana nyembamba vilivyogandishwa pamoja. Ndilo linalodumu na ndilo ghali.

Kwa nini koti la mvua lililokuwa zuri limeanza kulowa?

Mara nyingi halivuji. Kitambaa cha nje cha koti hupakwa dawa ya kufukuza maji, ile inayofanya matone yaviringike na kudondoka. Dawa hiyo ikichakaa, au ikifunikwa na mafuta ya mwili, vumbi na mabaki ya sabuni, kitambaa cha nje kinakunywa maji na kuwa cheusi, kizito na cha baridi. Utando bado unazuia mvua. Lakini sasa kuna tabaka la maji juu yake, mvuke haupiti, na jasho linagandia ndani. Mvaaji anahisi majimaji na kusema koti limetoboka.

Jaribu hivi: mwagia maji kidogo begani. Yakiviringika, dawa ipo. Yakitandaa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, kwanza fua koti, kisha lipashe joto kama ilivyoelezwa kwenye swali la kufua.

Makoti mapya yanahitaji uangalizi zaidi hapa. Kampuni nyingi zimeacha dawa zenye florini, zile za kundi la PFAS, kwa kuwa haziozi na zinabaki kwenye maji na udongo kwa muda mrefu sana. Ni hatua njema. Dawa mpya zinafukuza maji vizuri lakini hazifukuzi mafuta, kwa hiyo kola na mikono huchafuka upesi na koti linataka kufuliwa mara nyingi zaidi kuliko tulivyozoea.

Je, pamba ni mbaya kama wanavyosema?

Inategemea unakwenda wapi. Katika hewa ya kawaida pamba hushika unyevu wa asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, sufu asilimia 16 hivi, nailoni 4, poliesta chini ya nusu asilimia. Pamba iliyoloweshwa hubeba maji mengi ndani na kati ya nyuzi zake, na huyaachia polepole.

Kwa mtu aliyekaa kivulini Lamu au anayetembea taratibu Muscat, huo ni uzuri: shati pana la pamba au kanzu nyepesi hupitisha hewa, na kila hatua hupeperusha kitambaa na kubadilisha hewa iliyo ndani. Kwa mchezaji wa dakika 90, pamba iliyolowa inakuwa nzito, inagandamana na ngozi, inazibua njia ya michubuko kwapani na mapajani. Na kwa anayepanda mlima ni hatari halisi, kwa sababu jasho la msituni linakuwa baridi kali jioni kambini. Watu hukumbuka kuacha jinzi na fulana za pamba nyumbani, kisha wanasahau chupi, sidiria na soksi. Hivyo ndivyo vinavyogusa ngozi kwanza.

Fulana za "draifiti" za bei rahisi ni za kweli?

Nyingi ni poliesta tupu, na poliesta tupu haivuti maji yenyewe. Kinachoivutisha ni mojawapo kati ya mambo mawili: umbo la uzi, wenye vijia kwa urefu wake vinavyopandisha maji, au dawa iliyopakwa kiwandani ili maji yatandae. Umbo halifuliki. Dawa hufuliwa ikaisha.

Nyumbani fanya hivi. Dondosha tone moja la maji upande wa ndani wa fulana. Likitoweka ndani ya sekunde chache na kutandaa nje kama doa pana kuliko ndani, fulana inafanya kazi. Likikaa juu kama shanga kwa nusu dakika, jasho lako litafanya vivyo hivyo juu ya ngozi. Fua mara tano bila kilainishi, rudia. Ile iliyofaulu mara ya pili ndiyo ya kununua kwa timu nzima.

Kama hujui uzi ni wa nini, chomoa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani na uziwashe kwa kibiriti juu ya sahani, mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na moto wake huzimika wenyewe. Mchanganyiko hutoa vyote viwili, na lebo ya "pamba 100" imewahi kuumbuka hapo.

Tunashona jezi za timu. Tuagize kitambaa na chapa gani?

Kwa mechi za mchana kwenye joto, agiza poliesta ya kufuma ya gramu 120 hadi 150 kwa mita ya mraba, na vipande vya wavu kwapani na mgongoni. Kitambaa cha gramu 180 kwenda juu kinaonekana cha hadhi mkononi, lakini uwanjani kinabeba jasho.

Chapa ndiyo inayoharibu jezi nyingi nzuri. Wino mzito wa plastiki au karatasi ya vinaili inayobandikwa kwa moto huziba kitambaa kabisa. Nembo ya mdhamini ya sentimita 30 kwa 20 kifuani, pamoja na namba kubwa mgongoni, ni sawa na kumvalisha mchezaji mfuko pale pale anapotoa jasho jingi. Omba sablimesheni: rangi hugeuka gesi kwenye joto la karibu nyuzijoto 200 na kuingia ndani ya uzi wenyewe, bila kuacha tabaka juu. Inakubali poliesta tu, na kitambaa kiwe cheupe au cha rangi nyepesi. Kama bajeti inalazimisha vinaili, mwambie fundi aitumie kwa namba peke yake, tena ile yenye matundu.

Mtu anayepanda Kilimanjaro avae nini, na wakati gani?

Mlima huu unapitisha nguo zako kwenye hali zote ndani ya wiki moja, kwa hiyo jibu ni kwa ukanda.

Msituni, kuanzia mageti ya mita 1,800 hivi hadi karibu mita 2,800 au 3,000, kuna joto, unyevu na mvua. Hewa imeshiba mvuke na koti lolote litajaa jasho. Vaa fulana moja nyepesi ya poliesta au sufu nyembamba ya gramu 150, na suruali ya nailoni. Manyunyu yakianza, mwavuli mdogo unashinda koti la bei yoyote, maana hewa inazunguka mwili mzima. Njia za Machame na Marangu ni pana vya kutosha kuutumia. Mvua ikiwa kubwa, vaa koti juu ya fulana peke yake, fungua zipu za kwapani zote, legeza mikono. Ukifika kambini badilisha fulana ndani ya dakika tano za kwanza, kabla ya chai na kabla ya kupiga picha, kwa sababu mwili unaacha kuzalisha joto mara unaposimama.

Kati ya mita 3,000 na 4,000 upepo unakuwa mkubwa kuliko mvua. Jaketi jembamba la upepo linalopitisha hewa kidogo ndilo la kuvaa siku nzima. Koti la mvua libaki juu kabisa ndani ya begi. Juu ya mita 4,000 hewa ni kavu, jasho linakauka bila kuonekana, na wengi hudhani hawatoi jasho kumbe wanapoteza maji tu.

Usiku wa kileleni ndio watu wanakosea zaidi. Safari inaanza karibu saa sita usiku kutoka Barafu au Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, na baridi hushuka hadi nyuzijoto 10 au 15 chini ya sifuri. Mtu anatoka hemani amevaa kila alichonacho. Saa ya kwanza anatoka jasho, mvuke unafika kwenye utando wa koti ulio baridi, unageuka maji, kisha barafu. Manyoya ya ndege yaliyojazwa kwenye koti la ndani yakishapata unyevu yanalala na kupoteza joto. Saa kumi alfajiri, upepo ukiwa mkali, hana tena nguo kavu.

Anza ukihisi baridi kidogo: fulana ya ndani inayobana, flisi, koti la juu. Koti la manyoya likae kwenye begi mahali unapolifikia kwa mkono mmoja, livaliwe kwenye mapumziko na juu zaidi mwendo unapopungua. Kofia na zipu ya kifuani ndivyo vya kufungua kwanza unapopata joto, kabla ya kuvua chochote. Ukiona chembe za barafu ndani ya koti, zikung'ute zingali barafu.

Na wapagazi?

Mpagazi anayebeba kilo 20 na kumpita mgeni njiani anatoa jasho zaidi yake, halafu anafika kambini kwanza na kusimama kwenye upepo akijenga mahema. Anahitaji nguo inayokauka upesi kuliko mtu mwingine yeyote mlimani, na ndiye ambaye mara nyingi amevaa sweta la pamba na koti la mpira. Fulana mbili za poliesta, moja ya njiani na moja kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, zinafanya kazi kubwa kuliko koti moja zito. KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulioko mjini Moshi, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Kampuni inayojali watu wake iwaelekeze huko mapema.

Nanunua mtumba. Nikague nini kwenye koti?

Soko la mitumba, kuanzia Memorial Moshi hadi Gikomba Nairobi, lina makoti mazuri mno kwa bei ya fulana mpya. Lakini poliyurethani huoza kwa joto na unyevu, na belo limepita bandarini na kwenye maghala yenye vyote viwili.

Ligeuze koti nje ndani. Sugua mpako kwa kidole gumba: ukinata au ukitoa unga na magamba meupe, liache, hakuna dawa. Lipeleke puani, harufu chachu kama ya matapishi ni mpako unaooza hata kama bado unaonekana mzima. Fuata tepe za mishono moja baada ya nyingine, hasa begani na kwenye kofia. Tepe iliyobanduka kidogo inarudishwa kwa pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba, sekunde tano tano. Iliyobanduka koti zima inagharimu muda kuliko thamani yake. Koti lisilo na tepe kabisa si la mvua, hata muuzaji aape.

Akikuruhusu, kunja sehemu ya mgongo iwe kama bakuli, mimina glasi ya maji, subiri dakika kumi na ubonyeze kwa chini. Mkono ukibaki mkavu, lipa.

Kujua kama linapitisha mvuke, tumia glasi. Weka maji ya moto yasiyochemka hadi nusu, funika kwa kitambaa cha koti na ufunge kwa mpira, kisha juu yake ifunike glasi kavu ya baridi. Ukungu ukitanda kwenye glasi ya juu ndani ya dakika chache, mvuke unapita. Rudia na mfuko wa plastiki badala ya koti uone tofauti. Mwenye mizani ya kupima gramu moja moja anaweza kwenda mbali zaidi: kikombe chenye mdomo wa sentimita 7 kikipoteza gramu 4 kwa saa 24, hiyo ni kama gramu 1,040 kwa mita ya mraba. Hutaweza kuilinganisha na lebo, lakini utalinganisha makoti yako mawili kwa haki.

Nifueje nguo hizi?

Fulana na jezi: zigeuze nje ndani, maji ya baridi au ya vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 30, sabuni kidogo, suuza mara mbili. Usitumie kilainishi cha nguo kabisa. Kinachofanya kitambaa kiwe laini ni utando kama wa nta unaobaki juu ya nyuzi, na huo ndio unaozuia jasho lisivutwe. Jiki nayo huua spandeksi, ule uzi wa kunyumbuka.

Koti lenye utando: funga zipu zote, tumia sabuni ya maji isiyo na kilainishi, au ile maalumu ya makoti kama Tech Wash ya Nikwax. Sabuni ya unga huacha mabaki yanayovuta maji, kinyume kabisa cha unachotaka. Suuza mara tatu, hadi maji yasitoe povu. Usilikamue kwa kulipindapinda, utando unaweza kupasuka kwenye mikunjo. Libonyeze na ulianike kivulini. Likikauka, lipashe joto ili dawa ya nje isimame tena: mashine ya kukausha kwa moto mdogo dakika 20, au pasi ya moto mdogo kabisa juu ya taulo au kanga, bila mvuke, endapo lebo inaruhusu pasi. Maji yakiendelea kutandaa baada ya hapo, ndipo ununue dawa ya kupulizia. Ipulizie koti likiwa limeloweshwa tena, futa ziada baada ya dakika mbili, kausha, pasha joto.

Angalia dawa ya mbu yenye DEET. Huyeyusha baadhi ya plastiki na kudhoofisha spandeksi. Jipake, acha ikauke, ndipo uvae.

Jezi yangu inanuka hata ikiwa imefuliwa.

Poliesta haishiki maji ila inashika mafuta ya mwili, na bakteria wanaishi kwenye mafuta hayo. Loweka nguo nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ikiwa nje ndani, kisha suuza na uianike mahali penye upepo. Kinga ni kutoiacha imejikunja kwenye begi usiku kucha. Asiyeweza kufua kila siku, kama aliye safarini mlimani, apendelee sufu nyembamba. Huvaliwa siku kadhaa bila kunuka.

Nafanya mazoezi nikiwa na hijabu. Nichague kitambaa gani?

Cha kufuma, chepesi, gramu 100 hadi 140, na tabaka moja tu kichwani. Kikofia cha ndani cha pamba chini ya mtandio wa poliesta huondoa faida yote ya mtandio, maana jasho linakwama kwenye kikofia. Viskosi ni tamu kuvaa ukiwa umekaa, ila ikilowa inakuwa nzito na kuning'inia. Kwa mwilini, pana ni bora kuliko nene: blauzi ndefu iliyolegea, yenye mpasuo pembeni na wavu kwapani, hubadilisha hewa kila unapotembea. Rangi nyepesi zilizolowa huonyesha mwili, kwa hiyo jaribu kuloweka kipande kabla hujanunua.

Koti la mpira la bodaboda je?

Linamtosha dereva. Amekaa, hatoi jasho jingi, na mvua inampiga kwa kasi ya chombo. PVC, plastiki ya koti hilo, inazuia maji kuliko utando wa bei ya kati. Afungue kola anapoegesha. Dereva na mpanda baiskeli hawako sawa: mpanda baiskeli atalowa kwa ndani mlima wa kwanza tu.

Kitambaa chenye matundu kinazuia jua?

Kidogo sana. Alama ya UPF 50 maana yake ni kwamba sehemu moja kati ya 50 ya miale hatari hupita, yaani asilimia 2. Fulana nyembamba nyeupe ya pamba inaweza kuwa na UPF 5 hivi, inapitisha asilimia 20, na ikilowa inapitisha zaidi. Inua nguo kwenye mwanga: ukiona umbo la vidole vyako, jua nalo linapita. Kwa watu wenye ualbino na kwa yeyote anayeshinda juani, chagua kitambaa kilichofumwa kwa kubana lakini chepesi, chenye mikono mirefu na kukatwa kwa upana, na wavu uwekwe kwapani ambako jua halifiki.

Viatu vyenye utando vinafaa?

Kwa matope ya msituni na theluji ya juu, ndiyo, pamoja na gaiter, yaani vifuniko vya kifundoni vya kuziba mdomo wa kiatu. Kwa mbio za barabarani kwenye joto, hapana. Maji yakiingia kwa juu hayana pa kutokea, na kiatu cha aina hiyo huchukua siku moja au zaidi kukauka ilhali cha wavu kinakauka kwa saa chache. Na utando hauna faida juu ya soksi ya pamba. Vaa sufu au poliesta.

Nihifadhije koti nikiishi Pwani?

Likiwa safi na kavu kabisa, limetundikwa, kwenye kabati linaloingia hewa. Usilikunje kwenye mfuko wake mdogo kwa miezi, na usiliache kwenye buti ya gari. Mpako wa poliyurethani unaanza kuoza kwenye mikunjo yenye unyevu, na chumvi ya jasho iliyobaki kwenye kola inavuta unyevu huo. Litoe kila mwezi, lipigwe upepo kivulini kwa saa moja mbili, usugue ndani kwa kidole uone kama limeanza kunata.